Nimekisoma kama kilivyoandikwa

Shoga, upo? Leo nimemkomesha yule mwenyekiti!

Unaijua ile tuzo ya vitabu vya watoto, waliyonifanya mwamuzi kwa kuwa nasomea wajukuu. Asubuhi nikasema kitabu anachokipigia debe huyo mwenyekiti wetu, cha shemeji yake, kinachosha. Akanicheka mbele ya wenzetu: "Bibi, wewe soma kilichoandikwa. Usituongezee porojo zako."

Porojo! Shoga, porojo!! Nikafuta miwani, nikaivaa tena.

Mchana, maktaba ikajaa watoto wa kupiga kura ya mwisho baada ya kusomewa vitabu viwili. Mwenyekiti mwenyewe akanikabidhi kile cha shemeji yake, kwa mkono wake!

Unanijua, hata karatasi ya sabuni naisoma watoto wakacheka. Hiki nikakisoma kama kilivyo, neno kwa neno, fisi na sungura sauti moja. Mmoja akalala kwenye zulia. Mwingine akauliza, "Bibi, kinaisha lini?"

Kwenye kura kikaangushwa vibaya. Mwenyekiti akanijia jasho linamtiririka: "Mbona hukuweka zile sauti zako?"

"Mwanangu, si ulinikataza porojo?"

Shoga, sijala tangu asubuhi, lakini nimeshiba.