Kisanduku chenye Uso wa Mama

Lakini Mama, shikamoo kwanza, ile picha yako ya siku ya harusi yangu uliyoikataa ukisema "huyu siye mimi" nimekuja nayo hapa Guangzhou. Usinune!

Salim wangu, mume mzuri kuliko wote duniani, alinipeleka mtaa wa Yide Lu anakonunua madaftari ya duka. Kuna mama mmoja huko hubandika maua ya karatasi na picha kwenye visanduku vya mbao. Akaitoa kopi picha yako, akaipaka kopi hiyo gundi na kuilaza kifudifudi juu ya mfuniko wa kisanduku kimoja. Tuliporudi kesho yake, mvua ikinyesha taratibu, akanipa sponji yenye maji. Nikasugua karatasi kwa vidole mpaka ikatoka yote, wino ukashika, ukabaki wewe ndani ya mbao.

Nikashtuka. Sura imegeuka, kipini chako cha pua kimetoka kushoto kikahamia kulia! "Nimemharibu Mama," nikamwambia Salim, machozi yakinilenga.

Akacheka. "Kwani mama mkwe wangu anajiona wapi kila siku? Si kwenye kioo? Basi hivyo ndivyo anavyojijua."

Nilimpenda upya palepale! Nikatazama tena, na kweli ni wewe yule unayejifunga mtandio asubuhi mbele ya kabati. Sasa naogopa jambo moja tu, usije ukasema tena "huyu siye mimi". Mwezi huu hautaisha kabla sijakuletea kisanduku hiki kwa mkono wangu, nikuone ukikitazama.

Mwanao, mke wa mtu sasa,
Zuhura