Mafuta ya Bwati ya Muzee Assumani

Jumatatu, 4 Mei
Nimefungua kibanda saa mbili. Nimepanga bidon kama kila siku: mafuta ya injini mbele, ya bwati ya gia katikati, ya ponti, ile ekseli ya nyuma, chini. Mutaa wa Birere umejaa pikipiki. Ni miezi miwili tangu tumuzike Deo, mume wangu. Watu wameacha kunipa pole. Afadhali.
Nimehudumia wateja sita. Sikumbuki sura hata moja.

Jumanne, 5 Mei
Muzee Assumani amepita. Dereva, mutu wa Maniema, anabeba sabuni na vitunguu kati ya Bunagana na Goma tangu mimi sijaolewa. Mafuta ananunua kwangu tu. Leo hakuja kununua. Amekaa kwenye kiti bila kuuliza, amepumua.
Bwati inalia kila akitia vitesi, yaani gia, ya tatu. Asubuhi, gari likiwa baridi, hata ya pili inagoma. Wiki iliyopita, kwenye muteremuko, ya tatu ilikataa kabisa. Gari likajiendea na mzigo wote. Breki peke yake haikutosha. Amelisimamisha kwa kuligongesha kwenye ukingo wa udongo. Hakuna aliyeumia.
"Mama Jolie, mukono wangu umezeeka," amesema. "Watoto wanataka niache kuendesha. Wana haki."
Nimemuuliza kama alibadilisha mafuta ya bwati. Ndiyo. Mara tu baada ya matanga ya Deo. Bidon nilimpa mimi mwenyewe.
Nimeenda kuangalia. Bidon tupu bado iko nyuma ya pick-up, anawekea maji ya radieta. Imeandikwa GL-5. Mafuta mazito ya ponti. Bwati yake inataka GL-4. Najua hivyo miaka yote.
Sikusema. Ameondoka. Ya tatu imelia mpaka kwenye kona.

Jumatano, 6 Mei
Wateja wengi wanafikiri tano ni bora kuliko nne. Kila siku ninawaeleza. Ndani ya bwati kama ya muzee mna pete za shaba ya njano. Zinasawazisha mwendo wa gia kabla hazijashikana. GL-5 ina dawa kali, nzuri kwa ponti, lakini kwa bwati ya namna hiyo inakula shaba polepole. Na pete zinateleza, hazishiki. Tena ile niliyompa ni nzito, asubuhi inakuwa kama asali.
Naeleza watu. Kisha nampa muzee hiyo hiyo.
Nimejaribu kukumbuka siku ile. Hakuna kitu. Ni kama mwingine alikuwa amesimama hapa na kitambaa changu kichwani.

Alhamisi, 7 Mei
Nikinyamaza, hakuna atakayejua. Muzee hasomi bidon. Anapokea kile ninachompa.
Nimengoja nione haya. Haikuja. Nimekaa, nimeangalia ukuta wa jirani mpaka saa ya kufunga.

Ijumaa, 8 Mei
Ramazani, mutoto mukubwa wa muzee, amekuja kutafuta kamba Birere. Amenisalimia. Kesho kutwa mutu wa Rutshuru anakuja kuchukua pick-up. Imeuzwa.
"Muzee mwenyewe amekubali?" nimeuliza.
"Amekubali. Siku hizi hasemi kitu. Anakaa tu mulangoni."
Kukaa huko nakujua.

Jumamosi, 9 Mei
Nimefunga saa sita. Nimechukua bidon tatu za litre moja, GL-4, septante-cinq nonante, yale mepesi. Nimezisoma kwa sauti kabla ya kuzitia kwenye kikapu. Pikipiki mpaka Lac Vert, kwa muzee.
Muzee alikuwa mulangoni kweli. Mama Zaina, muke wake, alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo. Ramazani alikuwa anaosha pick-up kwa ajili ya mununuzi. Nimesema nikiwa nimesimama, kabla hawajanipa kiti.
"Muzee, mukono wako ni muzima. Ni mimi. Nilikupa mafuta ya ponti."
Ramazani ameacha kitambaa. Amesema baba yake angekufa kwenye muteremuko ule. Nimesema ni kweli. Amesema na mengine. Yote ni kweli.
Alipomaliza, nimemuomba aendeshe mwenyewe. Amekwenda mpaka barabara ya Sake na kurudi. Tumesikia sisi wote. Ya tatu imelia mikononi mwake mara mbili. Ameshuka. Muzee alikuwa anamuangalia yeye, si mimi.
Wamemwita mekanisie wa mutaa. Amefungua kwanza kifuniko cha juu, cha kujazia. Ni mutu wa kazi: ukimwaga kwanza halafu cha juu kikakataa kufunguka, umebaki na bwati tupu. Kisha amefungua cha chini. Mafuta yametoka meusi, na vumbi la njano linalong'aa ndani yake. Muzee ametia kidole.
"Hii ni nini?"
"Shaba ya bwati yako, muzee," nimejibu. "Hairudi tena."
Tumejaza mapya mpaka yamefurika kwenye tundu la juu. Muzee amepanda peke yake. Amezunguka muda mrefu. Ya pili inaingia vizuri. Ya tatu inataka ungoje kidogo, halafu inaingia. Pete mbovu zitabadilishwa siku bwati itakapofunguliwa.
Ameshuka, amemwambia Ramazani ampigie mutu wa Rutshuru, gari haliuzwi. Ramazani amepiga.
Kwangu muzee amesema hivi tu: "Siku ile ulinikaribisha mara tatu. Nikaona akili yako iko mbali. Ningepaswa kusoma mwenyewe hiyo bidon."
Mama Zaina amenipa sombe. Nimekula.

Jumatatu, 11 Mei
Nimetafuta wateja wengine wa wiki zile za baada ya matanga. Madereva wawili walinunua mafuta ya bwati. Nimeenda kuona bidon zao kwa macho. Ni sawa. Nimehamishia mafuta ya ponti kwenye sanduku lenye kufuli. Mutu akitaka, nainama, nafungua, nasoma, namsomesha naye. Wengine wanacheka.

Alhamisi, 14 Mei
Ramazani amepita. Hakunisalimia. Amenunua mafuta ya breki kwa jirani. Ni haki yake.

Jumapili, 17 Mei
Misa ya kwanza. Mutoto wangu Jolie amepiga simu toka Bukavu, anauliza kama nakula. Nimesema ndiyo.
Mchana nimejaribu kumulilia Deo. Nimekaa kwenye kitanda, nimengoja. Machozi hayakuja. Nimetoa mashuka, nimeyafua, nimeyaanika nyuma ya nyumba. Upepo ulikuwa mzuri. Yamekauka kabla ya mvua.