Mikorosho kwenye Shamba la Yatima

Bi Shufaa, shikamoo. Mimi ni msomaji wako wa huku Fukayosi, sijawahi kuandika gazetini, na hata barua hii nimeianza nikaichana nikaianza tena, lakini nakuomba unijibu kabla ya mwezi huu kwisha, maana tangu tulipotangaziwa habari ya kupimwa mashamba moyo wangu hautulii, chakula hakipiti, na nikisimama kuswali najikuta nimesahau niko rakaa ya ngapi.

Kaka yangu Alawi, Mungu amrehemu, alifiwa na mke siku ileile mke alipojifungua mtoto wao Najim, na mimi wakati huo nilikuwa namnyonyesha binti yangu Mina, basi nikaletewa kichanga kile kimezongwa kanga nikakiweka titi la pili, na mwaka huo jua lilikuwa kali, mahindi yalikauka yakiwa bado ya magotini, tukawa tunachemsha mboga za porini na chumvi, na kila asubuhi naamka na hofu kwamba leo maziwa yatakatika na itabidi nichague nani anyonye. Hayakukatika, Bi Shufaa. Yaliwatosha wote wawili mpaka nikawaachisha, na hadi leo kila mwezi wa Mfungo Sita nawaalika kinamama wenzangu tunasoma Maulidi nyumbani kwangu, tunapika, na baada ya dua nawasimulia habari ya maziwa yale.

Kaka naye hakukaa, alifariki Najim hajaanza kutembea. Alikuwa na shamba lake kwenye njia ya kisimani, akanishika mkono akaniambia, "Dada, mtunzie mwanangu shamba lake." Nikaitikia.

Sasa wewe ni mtu wa pwani, unajua kwamba shamba tupu huku kwetu watu huliona kama halina mwenyewe, mtu akija akapanda miti ya kudumu ndiyo limekuwa lake hivyo, na wenye kutafuta mashamba walikuwa wanapita kila msimu, kwa hiyo nikapanda mikorosho shamba zima ili lionekane lina mtu, na wallahi nia yangu ilikuwa kumlindia mtoto. Mikorosho ikakua pamoja naye, ikazaa, tukawa tunaokota na kuuza, anavaa sare za shule yeye na Mina, na hapo sikuona ubaya. Lakini mume wangu Yunus alipopatwa na kiharusi, mkono na mguu wa kulia ukalala, korosho zile zikawa ndizo tegemeo letu, dawa ni hizo, unga ni hizo, Mina yuko chuo cha ualimu kwa hizo, na watu wakazoea kusema shamba la Mama Mina, na mimi nikazoea kuitika. Najim mwenyewe hajui kwamba ni la baba yake. Amekua akiliita shamba la mama, kwani mimi ndiye mama anayemjua, na kila nilipotaka kumwambia nilisema moyoni acha akue kwanza.

Amekwisha kua. Anachomelea mageti huko Kerege, amepata mchumba, na Idd iliyopita alikuja akaketi karibu yangu jikoni akasema, "Mama, naomba mnikatie kipande kidogo tu kule pembeni nilime muhogo, mikorosho sitaigusa." Mtoto anaomba kipande cha shamba lake mwenyewe. Nikamjibu, "Tutaona, mwanangu," nikainamia moto kana kwamba moshi umeniingia machoni.

Na sasa kamati ya ardhi itapita shamba kwa shamba ili watu wapewe hati za kimila, itauliza mbele ya majirani shamba hili la nani, na wazee waliokuwa wanajua wamekwisha kufa. Shemeji yangu Mtoro, mdogo wake Yunus, ameniambia, "Shemeji, mikorosho kapanda nani? Si wewe? Basi watakuandika wewe. Nyamaza tu, ukinyamaza hujasema uongo." Yunus maneno hayamtoki vizuri siku hizi, nikimuuliza anageukia ukutani. Namwogopa Mungu, Bi Shufaa, lakini naogopa na haya mengine, kwamba nikilitoa tutakula nini, na Najim akijua nimemficha miaka yote hii atanitazama kwa jicho gani, na huyo mke mgeni atakayemwoa je, ataniacha niokote hata korosho moja? Nifanye nini?

Mwenye hofu, Fukayosi

BI SHUFAA ANAJIBU:

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeitanguliza mbele ya nyingine kwa ajili ya hao wapimaji, na majina nimeyabadilisha yote.

Pole kwa ugonjwa wa mumeo. Kuuguza, kulima na kusomesha kwa pamoja si kazi ya mchezo, na sitajifanya siioni. Tena kupanda mikorosho hukukosea. Usingepanda, leo shamba lile lingekuwa la mtu ambaye Najim hata hamjui. Kosa limeanzia jikoni, siku ya Idd, yatima alipokuomba kilicho chake ukamjibu tutaona.

Huyo Mtoro mwambie ushauri wake abaki nao. Mtu akiulizwa mbele za watu hili la nani, akanyamaza ili aandikwe yeye, huyo amekwisha kujibu. Na wewe unalijua hilo, ndiyo maana rakaa zinakupotea.

Nilikusudia kukutajia yaliyosemwa juu ya anayekula mali ya yatima, kisha nikaacha. Unayajua, unayaogopa, na hofu hiyo haijakusogeza hata kidogo, imekukondesha tu. Kwa hiyo nakurudisha kwenye barua yako mwenyewe, pale ulipopita mbio kama mtu anayetaja habari za jirani.

Mwaka ule wa jua ulikuwa na mtoto wako kifuani na ndani hamna unga. Ukaletewa wa pili. Hukusema tutaona. Hukusubiri kwanza uhakikishe yatatosha ndipo umpe. Ulimpa, yakatosha. Yalitoka wapi, na wewe ulikuwa unakula majani na chumvi? Kila Mfungo Sita unawaambia kinamama yalikotoka, wanalia, wanakula pilau yako, wanaaga. Wakishaondoka unaingia ndani kuogopa, kana kwamba Mungu aliyewalisha wale watoto alikuwa wa mwaka ule tu. Mwanangu, umekuwa ukikumbuka kwa sufuria. Shukrani gani hiyo inayowafikia wageni wote isimfikie mwenye nyumba?

Sasa nisikilize. Usingoje siku ya kamati. Mwite Najim aje kabla, mketi naye mbele ya Yunus, kwani mgonjwa akigeukia ukutani si kwamba hasikii, na mimi nadhani anabeba aibu ileile unayoibeba wewe. Mwambie yote, baba yake alivyokushika mkono, kwa nini ulipanda, kwa nini hukusema. Usijitetee kupita kiasi, wala usijipige kifua mpaka akaacha kuuliza ya kwake akaanza kukubembeleza wewe. Akikasirika mwache akasirike, ana haki. Kisha nenda naye shambani mkazunguke mpaka wote, ajue linapoanzia na linapoishia.

Siku kamati itakapofika, simama wewe kabla hujaulizwa, useme majirani wasikie: ardhi hii ni ya Najim bin Alawi, miti nilimpandia. Habari ya mikorosho, nani aokote na nani apate nini kwa jasho lake, ina utaratibu wake, mtamwita sheikh wenu awakalishe. Lakini hiyo ni baadaye. Ukimwambia shamba lako ila korosho zangu, hujamkabidhi kitu, umemwekea sharti kwenye mali yake.

Wala sikuambii ukae barazani kungoja muujiza. Panda muhogo nyuma ya nyumba mvua hizi, na Mina mwambie hali ilivyo, ni mtu mzima. Kama Najim atakuachia uokote, au atakataa, mimi sijui na sitakudanganya kwamba najua. Hayo ya kama yatatosha ulikwisha kumwachia Mungu zamani, ukiwa na kidogo kuliko ulicho nacho leo, na huyo unayemhofia asikunyime ndiye yule aliyekuwa akishiba anakulalia kifuani.

Gazeti hili usilikunje kabla hujampigia simu.