Kamba ya Boti ya Uokoaji

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Mama Pacha (jina analojulikana nalo mtaani)
Umri: Miaka 38
Kazi: Fundi cherehani
Makazi: Mtaa wa gatini, ukingo wa kusini wa mto

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja kwa hiari yangu kueleza kuhusu boti ya uokoaji ya wilaya yetu, ambayo nahodha wake yuko mahabusu kwa tuhuma za kuiiba.

Mnamo tarehe 14 mwezi wa nne, kama saa nane mchana, nilikuwa dukani kwangu nikishona sare za shule. Mdogo wangu alinipigia simu kutoka kisiwani. Kisiwa hicho kiko pale mto unapoingia baharini. Yeye na mama mkwe wake wanalima mboga huko. Alisema, "Dada, maji yameingia ndani. Tumepanda juu ya paa." Nilimuuliza mama, yaani huyo mkwe wake, yuko wapi. Akasema, "Ninaye hapa, nimemshika." Simu ikakatika.

Niliacha cherehani nikakimbilia gatini. Mvua ilikuwa imekatika, ila mto ulikuwa umefurika na bahari nayo inajaa, maji yakakosa pa kwenda. Niliwaona wote wawili juu ya bati. Mama alikuwa akipunga kitambaa chake cha kichwani.

Boti ilikuwepo, imefungwa gatini, injini inanguruma. Nahodha alikuwa kwenye usukani. Tunamwita Kimya kwa utani maana mdomo wake hauna breki. Alikuwa anamtazama afisa maafa wa wilaya, aliyesimama pale na simu sikioni.

Nilimwambia afisa, "Kaka, yule ni mdogo wangu na yule ni mama yetu. Twendeni."

Akajibu, "Dada, nakuelewa. Lakini mpaka wa wilaya ni mkondo wa mto, na mkondo umehama tangu mafuriko ya mwaka jana. Siku hizi unapita huku kwetu. Kisiwa kiko kwao. Boti ikivuka bila kibali ikazama, nani atajibu?"

Boti ya wilaya ya pili tuliiona ng'ambo, nayo imefungwa. Afisa aliweka simu kwenye spika. Mwenzake wa ng'ambo alisema, "Hao wanapiga kura kwenu, ushuru wa soko wanalipa kwenu. Leo wamekuwa wetu?" Wakaanza kubishana. Kabla ya hapo kila wilaya ilikuwa ikikidai kisiwa kile kwa ajili ya mchanga wake, na watu nusura washikane mashati mkutanoni. Siku hiyo hakuna aliyekitaka.

Nilipiga magoti mbele ya afisa. Sioni haya kulisema.

Watu walipiga kelele. Nilipogeuka, nusu ya paa ilikuwa imekwenda. Mdogo wangu alikuwa peke yake, amekumbatia nguzo. Mama sikumwona. Afisa naye aliona, kwa sababu aliishusha simu; ikaendelea kuongea yenyewe mkononi mwake.

Ndipo Kimya aliposema, "Mkuu, naomba ruhusa."

Afisa akasema, "Subiri kidogo, wanampigia mkuu wao."

Boti iliondoka nami nikiwa ndani. Mdogo wangu tulimkuta hawezi hata kuiachia nguzo. Kimya alimbandua kidole kimoja kimoja huku akimwambia, "Achia, dada, achia, tumeshafika." Mama tulimtafuta mpaka mafuta yakakaribia kuisha. Alipatikana kesho yake, ameshafariki. Boti ya ng'ambo ndiyo iliyomleta, ikavuka mpaka bila kuulizwa na mtu.

Askari ameniuliza kama nahodha aliifungua boti bila amri. Hakuifungua. Kamba ilikuwa kwenye chuma cha gati, na mtu aliyekaa kwenye usukani haifikii. Mimi ndiye niliyeifungua. Afisa alinishika gauni, akabaki na kipande, nikaruka ndani. Nikamwambia Kimya, "Endesha, la sivyo naendesha mwenyewe, na mimi sijui."

Askari amenifahamisha kwamba hilo ni kosa na kwamba naruhusiwa kunyamaza. Nimemwomba aandike.

Niliyoyaona na niliyoyatenda ni hayo. Nimesomewa, nimeridhika, natia sahihi.

(Sahihi ya shahidi)

Maelezo ya askari: Nimeyaandika mimi, koplo wa zamu. Kabla shahidi hajatia sahihi, nilimuuliza kama angependa tuiache ile sehemu ya kamba. Alikataa. Nikamtolea maji ya kunywa, nikamuuliza tena. Alikataa. Nimemweka chini ya ulinzi saa tano na nusu asubuhi.