Ndoo ya Torquil

"Bomba lenu limeharibika, Torquil?"

Ndivyo alivyokuuliza jirani yetu Peigi asubuhi ile, ulipokuwa ukishuka kilima na ndoo ya maji, na miaka sabini na moja mgongoni.

"Bomba zima kabisa. Kuna mama huko duniani hana bomba, nami najaribu njia yake siku arobaini."

"Basi jaribu na kufua, mzee, tuone kama utamaliza wiki!"

Mlicheka nyote wawili. Kesho yake alirudi kuuliza habari za huyo mama. Ndicho ulichotaka, watu waulize.

Mwaka umetimia sasa, Torquil Macaskill, tangu mtambo wako wa kufumia unyamaze hapa Ardroy, kisiwani Lewis. Bado hatujauzoea ukimya huo. Ulifuma sufu huku ukiimba zaburi, na ukifika mstari uliousahau, ulikaza miguu mtambo upige kelele tusijue. Viazi vya kwanza vya shamba letu vililiwa na wajane. Uliwaambia ni vibovu, huna pa kuvitupa.

Habari za yule mama zilisomwa kwenye mkutano wa misheni. Anatembea saa nzima kufuata maji ya matope, na ana ndoo moja tu. Wengine walitikisa vichwa, wakaenda kunywa chai. Wewe ulirudi nyumbani ukafunga bomba kwa waya. Chai, viazi, kunawa, vyote kwa ndoo moja kutoka kisima cha zamani.

Siku sita kanisa lilikusifu. Mzee wa kanisa Roderick alisimama kwenye sala akakuita mfano kwetu sote. Kisha ikaja Sabato, Jumapili yetu, ambayo hapa hata kuchota maji ni kazi iliyokatazwa.

Mkeo alikwambia, "Chota Jumamosi, kama mama yako alivyochota. Usituaibishe, Torquil."

"Mama yangu alikuwa na ndoo nne, Effie. Huyu ana moja. Maji ya Jumapili atayaweka wapi?"

Mkeo akaenda kuificha ndoo kwenye banda la kondoo. Uliipata. Ukapita nayo mbele ya kanisa watu wakitoka ibadani, kofia umeivua kwa heshima.

Roderick alikungoja langoni. "Mwaga hayo maji, bwana, au uache Meza ya Bwana. Chagua."

"Nikiyamwaga, mzee, tutakuwa tumemsaidia nani?"

Wakakunyima Meza. Wewe, uliyeketi mezani hapo miaka arobaini na mitatu! Ulikaa benchi la nyuma, mkate ukapita kwa wengine mkono kwa mkono, nawe ukaimba nao zaburi bila kinyongo. Siku zako arobaini ulizimaliza. Ukafa kabla Meza haijaandaliwa tena.

Kinyongo tunacho sisi. Tunaiomba neema ya kusamehe kila asubuhi, na tunasema wazi kwamba bado haijafika.

Wanaokukumbuka ni binti yako Catriona na mumewe, mwanao Iain, dada yako Marsaili, wajukuu wote, na Peigi, ambaye mpaka leo anauliza habari za yule mama. Hatutakusahau, hata kisima kikauke.

Na mkeo Effie. Sabato iliyopita, baada ya ibada, Roderick alikuja, akakaa kwenye kiti chako, akapewa chai. Akasema kanisa litaweka jiwe kisimani, lenye jina lako.

"Litaandikwa nini?" mkeo aliuliza.

"'Mfano kwetu sote.' Litapendeza, Mama Catriona. Hata wageni watapiga picha."

Mkeo, ambaye tangu utoto hajashika hata sindano siku ya Bwana, aliinuka, akaitoa ndoo nyuma ya mlango.

"Mama Catriona! Leo Sabato!"

Akatoka nayo, akashika njia ya kilimani, kwenda kisimani.