Radhi Hawatapata

Nyumba za Wauguzi,
Karatu.
9 Julai, 1979

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Magoti yanakusumbuaje na baridi hii? Mimi ni mzima, ila ukungu wa hapa unaishinda hata Machame, mikono imenipasuka.

Barua yako nimeipata. Unanisihi nimwombe Matroni radhi mbele ya wauguzi, nisije nikahamishwa. Siombi, Shangazi! Sikia kwanza kisa chenyewe.

Matroni wetu huwapanga wagonjwa kama viazi sokoni: huyu mpole, huyu mlalamishi, huyu mkaidi. Nashilu, mama wa Kimasai kutoka Ngorongoro, aliwekwa fungu la wakaidi. Boma lao liliungua. Yeye alitoka na mikono iliyoungua, mwanawe wa pekee hakutoka.

Wodini, kama kwetu, mama huitwa kwa jina la mwanawe. Basi kila asubuhi aliitwa Mama Fulani, jina silitaji hata humu, naye akijifunika shuka usoni na kuficha mikono tusibadilishe bandeji. Vidonda vikaanza kunuka. Matroni akaamuru arudishwe kwao, kitanda apewe anayetaka kupona.

Nanyokie, Mmasai mwenzake wa kitanda cha jirani, ndiye aliyenifokea: "Sisi mtoto akifa jina lake halitajwi tena. Nyie mnamwamsha nalo kila siku, halafu mnasema mkaidi?"

Hasira zilinipanda. Nikamweleza Matroni kwamba yule si mkaidi, ni mfiwa. Akajibu hospitali haina muda wa mila, akaniagiza nimvalishe atoke. Nikakataa mbele ya wote. Hilo ndilo kosa langu. Nashilu yupo bado kwa sababu tu gari la hospitali ni bovu.

Wewe tunakuita Mama Elirehema hadi leo, na najua unapenda, maana kwetu marehemu hukumbukwa kwa kutajwa. Mtu angekunyang'anya jina hilo siku tuliyomzika, ungempa mkono wako akutibu?

Leo asubuhi nilimwita kwa jina lake mwenyewe, Nashilu, basi. Nikamwekea chai kando ya kitanda, ikapoa. Kisha akafunua shuka, akaninyooshea mkono wa kulia. Wa kushoto bado anauficha, nami nitamngoja.

Kesho nitasimama mbele ya wauguzi kama Matroni anavyotaka. Radhi hawatapata. Nitawaambia jina la kumwitia, na wakinihamisha, nitamwambia na atakayeshika zamu yangu.

Nisalimie Baba Mdogo Piusi na dada Benedicta. Mungu akutunze, Mama Elirehema wetu.

Wako akupendaye, hata ukinikasirikia,
Ndeshi