Supu Asiyoinywa Mama

Mishamo,
27 Juni

Mpendwa Dada Spès,

Nakusalimu kwa upendo mwingi, nikiamini kwamba barua hii inakukuta wewe, shemeji Krispini na mtoto mkiwa wazima, na kwamba upepo wa ziwa haumsumbui mtoto kifua. Huku kwetu kipupwe kimekaza. Asubuhi maji ya kwenye ndoo yanauma vidole, na Baba haondoki jikoni mpaka jua liingie mlangoni. Shule tumefunga, kwa hiyo mimi niko nyumbani kutwa nzima. Mtoto wako tunamwombea kila siku, ila tunamwombea bila jina, maana jina lake hatujaambiwa.

Najua umetukasirikia. Simu zetu hupokei, na sikulaumu. Ule ujumbe wako wa mwisho, uliosema kuwa Mama amechagua mahindi akakuacha wewe, ni mimi niliyemsomea, kwa sababu siku hizi macho yake yana ukungu. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia niizime simu, kisha akaendelea kupukuchua mahindi kana kwamba nimemsomea habari za watu wengine. Ndiyo maana nimeona nikuandikie. Antoni anakuja Ikola kununua dagaa na ameahidi kukukabidhi barua hii mkononi. Naomba uisome yote kabla hujaichana.

Dada, Mama anaumwa.

Ilianza wakati wa mavuno, wiki ileile aliyokuwa anajiandaa kuja kukuuguza baada ya kujifungua. Mzigo alikuwa ameshaufunga: unga wa muhogo, maharage mapya na vitenge vya kumbebea mtoto. Akaingia shambani mara ya mwisho ili asimwachie Baba kazi yote, akakanyaga bua la muhindi lililokatwa mshazari, likamtoboa chini ya kidole gumba cha mguu. Alisema ni mwiba tu. Lakini jeraha lilikataa kufunga, mguu ukavimba, viatu vikamshinda, na Baba akampeleka hospitali Mpanda. Huko walimpima wakakuta sukari imepanda sana, tena wakasema inaonekana amekaa nayo muda mrefu bila kujua. Daktari alimpa dawa, akatueleza bila kuzunguka kwamba sukari isiposhuka jeraha halitapona, na lisipopona watalazimika kuukata mguu. Tunatakiwa kurudi Jumatano ijayo. Siku hiyo ndiyo wataamua.

Kabla hatujaondoka, muuguzi mmoja anayeitwa Lidia alitukalisha kwenye benchi na kutufundisha habari za chakula. Hakumkataza Mama kula. Alisema dawa pekee hazitoshi, mwili nao unatakiwa upungue, na kwamba kwa kuwa ni msimu wa baridi, mchana anywe supu ya moto iliyojaa mboga, yenye maharage kidogo na mafuta ya kijiko kimoja, ili ashibe bila ule mlima wa ugali. Mama alimuuliza kama sasa amerudishwa kuwa mtoto asiye na meno. Lidia alicheka sana, kisha akanigeukia mimi akayarudia yote polepole, kwa sababu aliona mimi ndiye niliyekuwa nasikiliza.

Tangu siku hiyo supu ni kazi yangu. Ile ya kwanza, Dada, ilikuwa aibu. Niliogopa mafuta, nikaogopa chumvi, na Baba alipopewa bakuli lake aliuliza kama hayo ni maji ya kunawa na chakula kinakuja nyuma. Nikajifunza. Sasa nyanya na vitunguu nachoma kwanza juu ya makaa mpaka maganda yaungue kidogo, ndipo naviponda na tangawizi. Hapo supu inapata ladha hata kama chumvi ni ya kubana kwa vidole viwili. Kisha natia karoti na boga changa, na konzi moja ya maharage niliyoyachemsha tangu asubuhi. Majani ya lengalenga nayatia mwisho kabisa, nikishaepua, ili yabaki kijani. Juu yake nakamua ndimu. Baba sasa anaimaliza na kukwangua bakuli, na amepungua tumbo ingawa yeye hakuandikiwa na mtu.

Mama haigusi.

Hakatai kwa maneno. Analipokea bakuli kwa mikono miwili, anainusa, ananishukuru na kuniita mama yake. Halafu anasema imemzidi moto, anaiweka kando. Ikipoa anasema imepoa. Mwisho anaisogeza kwa Baba, na mimi nikienda kisimani narudi namkuta anamega kiporo cha ugali. Mara nyingine Mama Arcade, yule jirani yetu, anakuja na sahani iliyofunikwa, ugali na maharage yanayoelea kwenye mawese, akisema wazi mbele yangu kwamba tunamfuga mwenzake kama sungura na kwamba mwili wa heshima alioujenga miaka yote tunaumaliza kwa majani. Mama anakula chote, kwa kuwa kwetu huwezi kurudisha sahani ya jirani haijaguswa. Nilijaribu kumweleza Mama Arcade habari za mguu. Alinijibu kwamba nikimaliza shule nitamfundisha.

Mimi nilifikiri kosa liko kwenye upishi wangu. Nikabadilisha. Nikaweka nyanya chungu, nikaweka uyoga uliokaushwa, nikaweka dagaa wabichi aliotuletea Antoni. Kila siku nilikuwa nasema, leo atainywa. Juzi tulikwenda zahanati kupima. Sukari haijashuka. Jeraha limeanza kutoa harufu, na Mama sasa analifunika kwa kanga wageni wakija, anakaa mbali nao. Baba alitoka nje akasimama nyuma ya nyumba muda mrefu. Nilimfuata, akaniambia nirudi nikaangalie moto, lakini moto ulikuwa umeshazima na yeye alijua.

Jana nilifika mwisho wa akili zangu. Kuna kuku mwekundu anayefungwa mguu chini ya ghala tangu kabla ya mavuno. Mama mwenyewe ndiye anayemlisha, anajikongoja kwa fimbo mpaka pale. Niliona labda supu yenye mnofu kidogo itamvutia, basi nikaomba ruhusa ya kumchinja. Dada, sijawahi kusikia Mama akinifokea vile. Alinyanyuka bila fimbo. Alisema kwa Kirundi, maana akiumia Kiswahili kinamtoka, kwamba yule kuku si wangu, si wake, wala si wa Baba. Ni wa Spès.

Halafu aliketi chini akalia, nami nikaketi karibu yake, na hapo ndipo aliposema. Wewe unajua hapa kwetu supu ya moto ya mchana hupikiwa nani. Unakumbuka jinsi alivyompikia Mama Arcade kila alipojifungua, alivyokuwa anasimama mlangoni wala hatoki mpaka aone chini ya bakuli. Alisema kila ninapomletea supu anakuona wewe. Alisema atakunywaje supu ya mzazi, wakati mzazi mwenyewe yuko ziwani, amezaa mtoto wake wa kwanza, na mama yake hakumchemshia hata maji ya kumkanda. Alisema anajaribu, tena anajaribu kweli, lakini koo linafunga.

Kwa hiyo haikuwa chumvi, Dada. Haikuwa nyanya wala ndimu. Ningeweza kupika mpaka shule ifunguliwe na bado asingeinywa.

Sasa nikuambie lililo zito kwangu. Mama alitukataza, mimi na Baba, kukupa habari hizi, akataka tukuambie tu kwamba mavuno yamembana. Alisema mama anayenyonyesha akishtushwa maziwa hukauka, na kwamba ni afadhali umchukie yeye kuliko mtoto akose kunyonya. Ndiyo maana aliposomewa ujumbe wako hakujitetea. Mimi niliitikia kwamba sitasema, na leo nimesema. Nimelifikiria sana. Maziwa yakikauka yanaweza kurudi. Mguu hauoti.

Nakuomba uje. Antoni anasema lori la dagaa linaloondoka huko Jumamosi lina nafasi mbele kwa dereva, na kwamba dereva ni mtu mzima mwenye watoto, hatakimbiza gari. Ukija, nitabandika sufuria mbili. Yako itakuwa ya kuku, ya Mama itakuwa ya mboga, na nitawaandalia kwenye mkeka mmoja. Akikuona unakunywa, naamini koo litafunguka. Kama mtoto bado hawezi safari, basi pokea simu hata mara moja, umwambie kuwa huko Ikola kuna mtu aliyekuchemshia, mama mkwe au jirani, yeyote. Kama hakuna aliyekuchemshia, Dada, usimdanganye. Mwambie tu unamngoja apone.

Baba anakusalimu, na anasema amemchongea mtoto kijiko. Mama hajui kama naandika, kwa hiyo salamu zake sikuziomba, lakini kila asubuhi akimaliza kusali hutazama upande wa ziwa. Msalimie shemeji Krispini, na umbusu mtoto, unitumie jina lake hata kwa mdomo wa Antoni.

Kuku naye hajambo. Leo nimempa mahindi zaidi ya kawaida, na Mama aliniona, akaniongezea konzi moja.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Emelyne